Kitambaa ni cha Sare, Mkono ni Wako

Agosti na Desemba, nyumba nyingi za Langas mjini Eldoret zinapokuwa na koito au ruracio, yaani sherehe za mahari, mafundi wa cherehani hupata kazi ya sura moja. Wanawake kumi au kumi na watano huingia dukani na kitenge cha aina moja, kimekatwa kutoka jora moja, na wote wanakitaka kwa siku moja. Kamati ya sherehe imeshachagua rangi. Imeshakubaliana pia urefu wa sketi, ili shangazi na wasichana wasipishane kwenye picha. Kilichoachiwa kila mmoja ni mikono, na hapo ndipo maneno huanza. Mwenye mabega membamba anataka yainuliwe. Mwenye mikono minene anataka ifunikwe lakini isibanwe. Mama wa bibi harusi anataka ifike kwenye kifundo, kwa sababu asubuhi ya Eldoret haina mchezo. Bintiye mdogo hataki mikono kabisa, naye atagombana na mama kabla hajagombana na fundi.

Hali hiyo ina historia ndefu kuliko kitenge chenyewe. Kwa zaidi ya miaka mia moja, watu wa nyanda hizi wamevaa vitambaa vilivyoamuliwa na wengine: tajiri wa shamba, kanisa, shule, kiwanda, na siku hizi kamati ya harusi. Mwili wa mtu, pamoja na matakwa yake, umekuwa ukisikilizwa zaidi pale begani, nguo inapogawanyika kuwa mikono.

Langas yenyewe ni mtaa wa watu waliokuja. Uko kusini mwa Eldoret, kando ya barabara inayokwenda Kapsabet hadi Kisumu, na leo ni wadi katika eneo bunge la Kapseret, kaunti ya Uasin Gishu. Ilikuwa shamba la mlowezi mzungu. Baada ya uhuru shamba hilo lilinunuliwa kwa hisa na Waafrika waliochanga pesa, likagawanywa, kisha vipande vikagawanywa tena kuwa viwanja vya nyumba za kupangisha. Wakikuyu, Waluhya, Wakalenjin, Wajaluo na Wakisii wakajikuta wakitumia kisima kimoja. Eneo moja la mtaa likaitwa Kisumu Ndogo, na jina lenyewe linatosha kueleza wapangaji wa kwanza walitoka upande gani. Mji uko mita zipatazo 2,100 juu ya usawa wa bahari. Julai, saa kumi na mbili asubuhi, mtu anayesubiri matatu amevaa nguo isiyo na mikono ama ni mgeni ama ni mkimbiaji.

Kabla ya hayo yote, mkono wa nguo haukuwapo huku. Kwenye nyanda za Uasin Gishu waliishi Wamasai walioziachia jina lao, kisha Wanandi wakazifanya malisho. A. C. Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyechapisha kitabu kuhusu Wanandi mwaka 1909, alieleza mavazi yao ya ngozi ya mbuzi na ya ndama, yaliyolainishwa na kufungwa begani. Vazi la namna hiyo huacha mkono mmoja huru kwa mkuki, fimbo au kukamua maziwa, na baridi ikizidi mtu hujizungushia lote. Aliyewahi kuvaa shati la pamba lililolowa kwenye mvua ya Eldoret ataona kwamba ngozi ile haikuwa ya kuonewa huruma.

Mkono wa kwanza kushonwa ulioonekana magharibi mwa Kenya ulitoka pwani, nao ulikuwa wa kanzu. Misafara ya wafanyabiashara Waswahili na Waarabu ilikuwa ikifika Mumias katika karne ya 19, na Nabongo Mumia, aliyeanza kutawala Wanga katika miaka ya 1880, aliwakaribisha na mavazi yao yakazoeleka katika boma lake. Kanzu inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ujanja wake hauonekani kwa anayepita. Mwili wake ni badani, mbele na nyuma. Ubavuni huongezwa taharizi ili nguo ipanuke kuelekea chini. Mkono ni kipande kilichonyooka tu, kinashonewa begani bila duara lolote. Kingeishia hapo, mvaaji asingeweza kuinua mkono bila kanzu nzima kupanda naye. Kwa hiyo chini ya kwapa fundi hutia kipande kidogo cha pembe nne, kikwapa, kinachoupa mkono nafasi ya kupanda peke yake. Mwishoni mwa mkono, kwa ndani, huwekwa sijafu ili pindo lisichakae. Hakuna kitambaa kinachotupwa. Kanzu haimbani mtu popote, ndiyo maana inamkaa mwembamba na inamkaa mwenye kitambi, na mikono yake mirefu huupa mwili kimo hata kama mwenyewe ni mfupi.

Huku juu, kwenye mashamba ya walowezi, vazi hilo liligeuziwa maana. Wazungu wengi wa Kenya waliwavisha watumishi wao wa ndani kanzu nyeupe na mshipi kiunoni. Vazi ambalo Mombasa na Mumias lilikuwa la heshima na la swala, Uasin Gishu likawa sare ya kuletea chai. Mpishi aliyevaa mikono mipana mbele ya jiko la kuni alihitaji akili ya ziada kuliko aliyeibuni sare hiyo.

Walowezi nao walikuja na mikono yao. Mwaka 1908 familia zipatazo 47 za Makaburu, zikiongozwa na Jansen van Rensburg, zilitoka Afrika Kusini kwa meli hadi Mombasa, zikapanda treni hadi Nakuru, kisha zikapanda nyanda za juu kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Wanawake wao walivaa magauni ya pamba yenye mikono mirefu hadi kifundoni na kofia kubwa za kitambaa za kukinga jua. Mji mdogo ulizaliwa kwenye shamba nambari 64, na hadi leo wazee wanaposema "Sisibo", yaani "sixty-four", wanazungumzia Eldoret. Reli ilipofika mwaka 1924, majora ya kitambaa yalianza kushuka kwa uzito, na maduka ya Wahindi yakawa na cherehani barazani: ununue kitambaa chako, ugeuke, upimwe hapo hapo. Vijana Waafrika waliokaa karibu na mafundi wa Kihindi, wakishika pindo na kutia vifungo, ndio waliokuja kufungua vibanda vyao wenyewe.

Lakini mkono wenye historia tamu kuliko yote unaovaliwa Langas haukupita Mombasa kuja hapa. Ulitokea Uganda.

Kwanza hadithi yake ianzie Ulaya. Katika miaka ya 1830 wanawake wa Uingereza na Ufaransa walivaa mikono iliyovimba sana juu na kubana chini, hata wengine waliijaza manyoya ya ndege kwa ndani ili isianguke. Mtindo ukafa ghafla baada ya mwaka 1836. Ukafufuka miaka ya 1890, ukafikia ukubwa wa kuchekesha karibu mwaka 1895, na kabla karne haijaisha mikono ilikuwa imesinyaa tena. Sababu ya kupendwa kwake ilikuwa hesabu ya macho: bega likipanuliwa, kiuno huonekana chembamba bila kukazwa zaidi.

Mwaka 1905 wamishonari wa Kianglikana walifungua shule ya wasichana Gayaza, karibu na Kampala. Wasichana walikuwa wakijifunga shuka, na shuka ilifunguka wakilima au wakipiga magoti. Inasimuliwa kwamba fundi kutoka Goa aliyeitwa Gomes aliombwa ashone vazi lisilofunguka, na jina lake ndilo lililobaki katika gomesi. Vazi hilo lina shingo ya pembe nne, vifungo viwili upande wa kushoto, mshipi mpana chini ya kiuno, na mikono mifupi iliyokunjwa ikasimama begani kwa ncha. Mwaka 1914 Irene Namaganda, mke wa Kabaka Daudi Chwa, alipolivaa, likapanda kutoka sare ya shule hadi vazi la ikulu. Ulaya ilikuwa imechoka na mabega ya kusimama. Buganda iliyapokea ikayafanya ya kudumu, na zaidi ya karne moja baadaye hakuna dalili ya kuyaacha.

Gomesi ilivuka mpaka na Wateso, Wasamia na wengine wa upande wa Busia, watu wenye ndugu pande zote mbili. Katika Langas huonekana kwenye mazishi na harusi, na kila anayeivaa hubadilika mwendo. Siri iko kwenye mkono. Fundi hutia kitambaa kigumu kati ya tabaka mbili, kisha hupiga mikunjo iliyolala upande mmoja na kuifunga juu kabisa ya bega, ili ncha isimame hata baada ya kufuliwa. Mvaaji hawezi kuinamisha mabega: akiinama, ncha huanguka mbele na vazi lote linaonekana limechoka. Mama wa miaka sitini aliyevaa gomesi hukaa wima kwa sababu nguo yake inamdai akae wima. Haimfichi unene, mshipi unazitangaza nyonga waziwazi. Lakini kwa kuwa mabega yamepanuka kuliko nyonga, mwili wote unakuwa na mizani. Hakuna mkono mwingine unaomtendea mwanamke mnene haki namna hiyo, na inashangaza kwamba mafundi wa magauni ya kisasa hawauigi mara nyingi zaidi.

Kushona kwa wanawake wenyewe kulikuja polepole. Chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoanzishwa mwaka 1952 chini ya serikali ya kikoloni, kiliwafundisha wanawake wa vijijini kupika, kufuma na kushona, na baada ya uhuru makanisa yakaanzisha polytechnic za vijiji ambako wasichana waliomaliza darasa la saba walikabidhiwa mkasi na chaki. Mpaka hapo cherehani ya barazani ilikuwa kazi ya wanaume. Leo katika vibanda vya Langas ni kawaida kumkuta mwanamke anashona na mtoto wake amelala juu ya mabaki ya vitambaa.

Kisha vikaja viwanda. Eldoret ni miongoni mwa miji michache ya Kenya ambako uzi unaweza kusokotwa, kufumwa na kuvaliwa bila kutoka nje ya mji. Raymond ilitengeneza mablanketi na vitambaa vya sufu. Ken-Knit ilifuma sweta na kutoa nyuzi. Mwaka 1975 ikaanzishwa Rivatex, kampuni ya umma iliyokusudiwa kugeuza pamba ya Kenya kuwa vitambaa, na vitenge na kanga vikapigwa chapa papa hapa. Wafanyakazi walihitaji vyumba vya bei nafuu wanavyoweza kuviendea kwa miguu baada ya zamu ya usiku, na Langas ilikuwa navyo.

Kiwanda hakimpimi mtu. Hutoa namba: 24, 26, 28. Sweta ya shule ndiyo inayofundisha jambo hilo tangu utotoni. Mzazi wa Langas hanunui sweta inayomtosha mtoto Januari. Hununua itakayomtosha mwaka kesho kutwa, kisha humkunjia mikono mara mbili. Mtoto hutembea mwaka wa kwanza akiwa na bangili nene ya sufu kwenye kila kifundo. Mwaka wa pili mkunjo mmoja hufunguliwa, na hapo huonekana mstari: sehemu iliyokuwa imekunjwa ina rangi ya buluu iliyokolea, na iliyopigwa jua imepauka. Mwalimu akitaka kujua mtoto amerefuka kiasi gani, ahesabu mistari. Kiwiko nacho hutoboka kwenye sweta ya namna hiyo kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu mtoto anaegemea dawati, na fundi hubandika kiraka cha mviringo kilichokatwa kutoka mguu wa suruali iliyokufa.

Wanaume wanastahili aya zao, ingawa mikono yao haina visa vingi. Suti ya Kaunda, iliyopewa jina la rais wa kwanza wa Zambia, ilienea Afrika Mashariki kwa sababu ilimwondolea mtu tai na koti zito. Ina mikono mifupi au mirefu, mifuko ya mbele, na kola isiyohitaji shati ndani. Kwa machifu, walimu wakuu na wazee wa kanisa ilikuwa vazi la kikao kwa miongo kadhaa, kisha ikaanza kuonekana ya kizee.

Aliyeirudisha ni jirani. Rais William Ruto, ambaye nyumbani kwake ni Sugoi, kaunti hiyo hiyo ya Uasin Gishu, alianza mwaka 2023 kuonekana mara kwa mara na suti za Kaunda za rangi na michoro mbalimbali, na vijana waliokuwa wakiicheka wakaanza kuiulizia kwa mafundi. Novemba mwaka huo huo Spika Moses Wetang'ula alipiga marufuku suti hiyo ndani ya Bunge la Kitaifa. Kwa fundi, ugumu wa vazi hilo uko kwenye mkono mfupi. Ukiishia juu sana, mwanamume anafanana na mvulana wa shule. Ukishuka hadi karibu na kiwiko, mikono yake inaonekana mifupi na koti linaonekana la kuazima. Mahali pake ni katikati ya msuli wa juu, na upana wake uache nafasi ya vidole viwili kila upande. Mwenye mikono myembamba hushonewa upana mdogo zaidi, la sivyo mikono yake itaonekana imepotea ndani ya nguo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kenya ililegeza vizuizi vya biashara, na mitumba ikamiminika. Rivatex haikuweza kushindana na bei ya nguo iliyovaliwa mara tatu Ulaya na kutupwa. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 mitambo ilikuwa kimya. Mafundi wa mtaani walipata pigo lile lile, lakini hawakuwa na mitambo ya kufunga. Waligeuka warekebishaji.

Ndani ya marobota yale ya mwanzo mlikuwa na mabega ya miaka ya 1980. Dunia nzima ilikuwa imeona harusi ya Diana mjini London tarehe 29 Julai 1981, na gauni lake la hariri, lililobuniwa na David na Elizabeth Emanuel, lilikuwa na mikono iliyovimba kiasi cha kuficha nusu ya bega la jirani. Mabibi harusi wa Kenya walioolewa miaka iliyofuata waliomba mikono hiyo hiyo, na albamu za familia zinatoa ushahidi. Makoti ya ofisi nayo yalitiwa pedi nene za mabega. Yalipofika Eldoret yakiwa mitumba, miaka kumi baadaye, kazi ya kwanza ya fundi ilikuwa kutoa pedi. Lakini pedi ikitoka, bega la koti linabaki na ngozi ya ziada inayoning'inia juu ya mkono. Fundi mvivu hubana mshono wa ubavuni na kumaliza. Fundi wa kweli hufumua mkono wote, hukata bega lirudi mahali pa mfupa, hupunguza kichwa cha mkono, kisha huurudisha. Ndiyo maana mtu anaweza kulipa marekebisho ya koti pesa zinazokaribia bei ya koti lenyewe, na akaondoka ameridhika.

Kufupisha mkono wa koti pia si kazi ya kubeza. Kama kifundoni kuna vifungo na mpasuo, huwezi kukata chini bila kuviharibu, kwa hiyo mkono hufupishwa kutoka juu, begani. Anayepita barabarani akiona vifungo vya koti viko karibu mno na pindo ajue fundi alikatia chini.

Siku za mwisho za 2007 na miezi ya kwanza ya 2008 ziliipitia Langas vibaya. Baada ya matokeo ya uchaguzi, nyumba na maduka yalichomwa, na maelfu ya watu wa Eldoret na viunga vyake walilala kwenye uwanja wa maonyesho wa mji. Cherehani ya kukanyaga ni nzito kwa anayekimbia. Kichwa chake hufunguliwa kikabebwa, miguu ya chuma ikaachwa. Biashara nyingi ndogo zilianza upya kutoka hapo.

Mwaka 2007 huo huo Chuo Kikuu cha Moi kilikuwa kimeinunua Rivatex. Ukarabati ulichukua miaka, kwa mitambo iliyonunuliwa kwa mkopo kutoka India, na Juni 2019 Rais Uhuru Kenyatta aliizindua upya. Oktoba mwaka huo serikali iliwataka watumishi wa umma wavae nguo zilizotengenezwa Kenya kila Ijumaa. Mashati ya kitenge yakaingia ofisini, na kitenge kikatoka kuwa vazi la kina mama wa kanisani peke yao.

Kitenge kwenye mabega ya wanawake kilikuwa kimeshapata walimu wengine. Wakongo walikuja na libaya, blauzi ya kitenge iliyokatwa kufuata mwili na kuvaliwa na vitambaa viwili vya kujifunga, ambayo mikono yake ndiyo uwanja wa majigambo. Filamu za Nigeria, zilizojaza video za mitaani miaka ya 2000, zikaleta mikono mipana ya kumwagika. Karibu mwaka 2020 mikono ya kuvimba ilirudi duniani kote, na safari hii haikuhitaji meli wala mmishonari. Ilifika Langas siku ile ile kwenye simu ya mteja, ikiwa ni picha iliyokuzwa hadi nyuzi zinaonekana.

Hapo ndipo fundi anapolazimika kuwa mwalimu wa maumbo. Mkono wa kuvimba, kwa mfano, una aina mbili ambazo picha haizitofautishi. Unaovimba kwenda juu humwongezea kimo mwenye shingo ndefu na mabega yanayoteremka, lakini mwenye shingo fupi humezwa nao. Unaovimba kwenda pembeni hupunguza nyonga kwa macho, ila mwenye kifua kikubwa huonekana mraba. Mkono wa kengele, unaobana juu na kufunguka kuanzia kiwikoni, unafaa mwenye mikono mirefu myembamba; mfupi akiuvaa ukafika vidoleni huonekana amevaa nguo ya dada yake, na pia utachovya kwenye mchuzi. Mkono wa popo, usio na mshono begani, husifiwa kwamba unaficha kila kitu. Ni kweli, unaficha na kiuno pia, kwa hiyo bila mkanda ni hema.

Ule mfupi kabisa unaofunika ncha ya bega tu unasifiwa bure. Unaukata mkono mahali ambapo kwa watu wengi ndipo palipojaa zaidi, kisha unaupigia mstari. Makanisa mengi ya mtaa hayaupendi kwa sababu ya adabu. Sababu ya macho ingetosha. Mkono wa robo tatu, kinyume chake, hauombwi na wengi ingawa unamkaa karibu kila mtu: unapita sehemu nene, unapita kiwiko, na kuishia pale mkono unapoanza kuwa mwembamba. Na ni mzuri kwa anayeosha vyombo.

Kuna jambo ambalo mteja haoni na fundi hawezi kulikwepa. Kichwa cha mkono lazima kiwe kikubwa kuliko tundu kinaloingia, kwa sababu bega lina mviringo na kitambaa hakina. Katika shati la kawaida tofauti ni sentimita chache. Katika mkono wa kuvimba ni mara mbili au zaidi. Fundi hupiga mistari miwili ya mishono mirefu juu ya kichwa, huvuta nyuzi polepole hadi kitambaa kijikusanye, kisha hukisambaza kwa kidole gumba ili mikunjo mingi ikae juu na michache ubavuni. Upande wa mbele wa mkono hukatwa kwa kina zaidi kuliko wa nyuma, kwa kuwa watu hufanya kazi mikono ikiwa mbele. Mwanafunzi akichanganya mkono wa kulia na wa kushoto, nguo itaonekana sawa ikiwa imetundikwa. Mwenyewe akiivaa, itamvuta mgongo kila anaponyoosha mkono kushika kitu, na hatajua ni kwa nini.

Kitenge cha pamba pia kina mipaka yake. Mikono ya kwenye simu mara nyingi ni ya kitambaa chepesi kinachosimama chenyewe; pamba iliyolowa jasho la ukumbini hulala. Fundi hutia kitambaa kigumu ndani, au wavu, au hukata kipande cha ndani kifupi kuliko cha nje ili cha nje kilazimike kuvimba. Yote hayo hula kitambaa. Mteja aliyeleta mita mbili na picha ya mikono ya mita moja huambiwa achague kati ya mikono hiyo na marinda ya sketi. Urefu wa sketi ulishapitishwa na kamati, marinda hayakutajwa kwenye kikao, na kwa kawaida hayo ndiyo hupunguzwa.